Moto wa nyika hauzimwi kwa helikopta

Mhariri,

Kila kiangazi kurasa zenu hubeba picha ile ile: kilima kinafuka moshi, mtu ameshika tawi bichi, na chini yake swali kwamba ndege za kumwaga maji ziko wapi. Afisa wa serikali anayesimamia moto wa nyika huulizwa hilo kabla ya jingine lolote. Akijibu kwamba ndege haipo, anaonekana mzembe. Akijibu kwamba hata ingekuwapo isingeuzima moto ule, anaonekana mjuaji. Jibu hilo la pili ndilo la kweli, na mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kulikagua.

Nguvu ya moto hupimwa kwa joto linalotoka katika kila mita moja ya mstari wake wa mbele kwa kila sekunde. Kanuni yake, aliyoiweka Mmarekani George Byram mwaka 1959, huzidisha vitu vitatu: joto lililomo katika kilo moja ya majani makavu, ambalo ni takribani kilojuli 18,000, uzito wa majani yanayoungua katika kila mita ya mraba, na mwendo wa moto wenyewe. Chukua nyika yenye gramu 400 za majani kwa kila mita ya mraba, na moto unaokwenda mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Jawabu ni kilowati 7,200 kwa kila mita, yaani kilojuli 7,200 kila sekunde, na miali hufikia urefu wa mita nne na nusu hivi. Lita moja ya maji, hadi igeuke mvuke yote, humeza takribani kilojuli 2,600. Basi kuumeza moto huo kunataka karibu lita tatu kwa kila mita, kila sekunde. Mstari wa mbele ukiwa wa mita 100, hizo ni lita 280 hivi kwa sekunde. Ndoo ya helikopta yenye lita 1,000 imekwisha kabla hujahesabu nne.

Hesabu hiyo ni ya makadirio, maana si lazima joto lote limezwe ndipo moto ufe; yatosha kuyapoza majani ambayo hayajashika. Lakini hata ukiipunguza mara kumi, ndoo nzima haifikishi dakika moja, na helikopta bado ina safari ya kwenda bwawani na kurudi. Ndege ina kazi yake: kuvunja makali ya moto ili watu walioko chini wapate kusogea. Watu hao wasipokuwapo, majani yaliyolowa hukauka upya na moto huendelea kutoka pale ulipoachia.

Kinachosimamisha moto wa nyika ni ardhi tupu. Kikosi kinachojua kazi huanza mahali ambapo moto hauwezi kukizunguka kwa nyuma: barabara, mto, jabali, au sehemu iliyokwisha kuungua. Hapo hutia nanga. Kisha hupanda na mbavu za moto, upande huu na huu, hadi kukibana kichwa, yaani sehemu ya mbele inayokimbia. Kikundi cha watu wenye ari kinachokimbilia kukikabili kichwa moja kwa moja, kama tunavyowasifu magazetini, ndicho kinachozingirwa.

Wenye mapanga na misumeno hutangulia, wakisafisha vichaka na matawi yanayoning'inia. Nyuma yao huja wenye shoka lile ambalo upande mmoja ni shoka na wa pili ni jembe, liitwalo Pulaski kwa jina la mlinzi wa misitu wa Idaho, Marekani, anayetajwa kulibuni baada ya mioto mikubwa ya 1910. Kisha majembe na reki nzito, na mwisho beleshi. Kati ya mtu na mtu huachwa mita tatu, chuma kisije kikampata mwenzako mguuni. Kila mmoja hukwangua kidogo akasogea. Hakuna anayekaa mahali pamoja mpaka pamalizike. Upana wa eneo linalofyekwa usipungue mara moja na nusu ya urefu wa majani yaliyopo, na ndani yake uwepo ukanda mwembamba uliokwanguliwa hadi udongo usio na mizizi wala mboji. Kilichokwisha kushika moto hutupwa upande wa moto, na ambacho hakijashika hutupwa nje. Ukigeuza hilo unaupelekea moto kuni kwa mikono yako. Na ukanda ukipita chini ya moto kwenye mteremko, lazima uchimbwe kama mtaro wenye tuta, kwa sababu magogo na mawe yenye moto hubiringika usiku na kuvuka.

Zana za mikono zina mpaka wake. Miali ikiwa chini ya mita 1.2, watu wanaweza kufanya kazi karibu na moto. Kati ya mita 1.2 na 2.4 hapafai tena kwa mikono. Zinatakiwa tingatinga na magari yenye pampu. Ikivuka mita 3.4, kukabiliana na kichwa ni bure kwa namna yoyote ile, na afisa mwenye akili huwarudisha watu nyuma hadi kwenye mto au barabara na kungoja. Huku kungoja ndiko kunakoandikwa kwamba "kikosi kilisimama kikitazama."

Sasa tazameni tena ile hesabu. Katika vitu vitatu vinavyozidishwa, joto lililomo ndani ya majani halibadiliki. Upepo na mwinuko, vinavyoamua mwendo, haviko mikononi mwa mtu. Kwa kanuni ya kazini, kila mteremko unapoongezeka nyuzi 10, moto unaopanda huongeza mwendo mara mbili. Kinachobaki mikononi mwa afisa ni uzito wa majani, na siku ambayo majani hayo yataungua. Ndiyo maana kazi yake kubwa ni ya miezi ambayo hakuna moshi, na ndiyo maana huchoma nyika yeye mwenyewe, kwa makusudi. Hapo ndipo penye ugomvi wetu na wasomaji wenu.

Majani yale yale ya gramu 400, yakiwashwa mwanzo wa ukame yangali na unyevu kidogo shinani, na moto ukaachwa utambae kinyume cha upepo kwa sentimita mbili kwa sekunde, hutoa kilowati 144 kwa mita badala ya 7,200. Miali haifiki magotini mwa twiga, kama wasemavyo vijana wa kazi hiyo. Kwa vipimo, ni sentimita 75 hivi. Miti mikubwa hupona, wanyama hupata nafasi ya kuondoka, na moto hujifia wenyewe jioni umande unapoanza kushuka. Hubaki viraka vilivyoungua na ambavyo havikuungua. Moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukija, hukuta viraka hivyo vimeukatia njia.

Waliokataa mantiki hii walikwisha kuijaribu upande wa pili. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani iliamuru kwamba kila moto, popote ulipo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Amri hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970. Katika misitu iliyozoea moto mdogo wa mara kwa mara, miaka ya kuuzima wote ilirundika vichaka na miti michanga chini ya ile mikubwa, na moto uliofuata ukapata ngazi ya kupandia hadi vileleni. Kinyume chake, huko Arnhem Magharibi, kaskazini mwa Australia, walinzi wa ardhi wa jamii za wenyeji wamekuwa wakichoma mapema kwa mpango tangu 2006, wakiendeleza ujuzi wa wazee wao, na mioto mikali ya mwisho wa kiangazi imepungua.

Lakini kuchoma kwa mpango si kutupa kiberiti na kuondoka. Mpango huandikwa kabla, na huwa na viwango vya chini na vya juu. Kwa mfano, unyevu wa hewa usipungue asilimia 30 wala kuzidi 60, na upepo usizidi kilomita 15 kwa saa. Kiwango cha chini cha upepo nacho huandikwa, ingawa wengi hushangaa. Upepo usiokuwapo kabisa ni hatari, kwa kuwa utakapoamka hujui utaelekea wapi. Kimoja tu kikitoka nje ya viwango, hakichomwi kitu, hata kama malori yameshafika na watu wamekwisha kulipwa posho. Afisa asiyeweza kuahirisha mbele ya wakubwa wake hafai kushika kazi hii.

Siku yenyewe, kwanza huwashwa kipande kidogo, mita chache za mraba, mahali ambapo kinaweza kuzimwa kwa bomba moja la mgongoni la lita 20. Kikiwaka tofauti na ilivyotazamiwa, kazi imekwisha siku hiyo. Kikienda vizuri, huwashwa ukingo wa upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi taratibu kinyume cha upepo na kuacha ukanda mweusi wa mita 20 hadi 30. Hapo tu ndipo mistari mingine huwashwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mita chache tu kutoka ule uliotangulia. Mistari ikiachana sana, moto hupata nafasi ya kukimbia na kukua kabla haujafika kwenye weusi. Wawashaji wakiwa wawili au watatu, aliye karibu na weusi ndiye atangulie. Wa upande upepo unakotoka akimpita, moto wake unamfuata mwenzake.

Kopo la kuwashia hujazwa sehemu tatu za dizeli kwa moja ya petroli, na siku ya joto kali dizeli huongezwa kufikia nne. Wapo wanaozidisha petroli wakidhani watafanya haraka. Petroli nyingi huungua hewani kabla tone halijafika chini, na mvuke wake huweza kulipuka usoni mwa mwenye kopo.

Tukiri pia kwamba huharibika. Mwezi Mei 2000, moto uliowashwa kwa mpango katika hifadhi ya Bandelier, New Mexico, Marekani, ulitoroka na kuteketeza nyumba zaidi ya 200 za mji wa Los Alamos. Mwaka 2022, katika jimbo hilo hilo, mioto miwili iliyoanzishwa na Idara ya Misitu iliungana na kuunguza zaidi ya hekta 138,000. Mmoja wao ulitokana na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari. Yalifukuta chini kwa chini wakati theluji ikianguka juu yake, na mwezi Aprili upepo ukayafukua. Kosa la namna hiyo halitokani na kuwasha. Linatokana na kuondoka mapema.

Hatua ya mwisho, ile isiyopigwa picha na mtu, ndiyo ndefu kuliko zote. Moto unaoonekana umekufa hukaa ndani ya visiki, mizizi, kinyesi kikavu cha wanyama na udongo wa mboji. Kikosi hutembea ukingo wote wa eneo lililoungua, angalau mita 30 kwenda ndani, kikichimba, kikichanganya makaa na udongo na maji kidogo, kisha kikipapasa kwa mgongo wa kiganja kisicho na glavu. Mgongo wa kiganja huhisi joto upesi, na ukiungua bado unaweza kushika jembe. Macho hayatoshi, kwa kuwa jua kali huficha kaa. Kufukia kaa kwa udongo tu nako si kuzima. Udongo hulihifadhi kama jiko linavyohifadhi kaa la usiku.

Wasomaji wenu hupenda kuandika kwamba "mvua ilinyesha jana, kwa hiyo moto huu umewashwa na watu wabaya." Huenda ndivyo, lakini mvua ya jana haithibitishi. Vinavyoungua hupangwa kwa muda vinaochukua kukaribia hali ya hewa iliyopo, kwa theluthi mbili hivi ya tofauti. Majani na vijiti vilivyo chini ya milimita 6 huchukua saa moja. Hadi sentimita 2.5, saa 10. Hadi sentimita 7.6, saa 100. Magogo ya hadi sentimita 20, saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40. Majani yaliyolowa alfajiri yanaweza kuwa tayari kuungua saa nane mchana. Magogo nayo hukumbuka ukame wa mwezi uliopita hata baada ya mvua kubwa, na ndiyo yanayofukuta kwa juma zima.

Kwa hiyo hali ya hewa hupimwa pale pale kwenye moto, kila saa, na kutangazwa redioni kwa kikosi chote: joto, unyevu, kasi ya upepo na upande unakotoka. Kifaa kinaweza kuwa cha umeme, au vipimajoto viwili, kimoja kikiwa na utambi uliolowa, vinavyozungushwa hewani. Ukitumia hicho cha pili, utambi uwe safi na maji yawe safi, la sivyo unyevu husomeka juu kuliko ulivyo, na kosa la upande huo ndilo baya. Wengi hutumia kanuni rahisi ya thelathini tatu: joto juu ya nyuzi 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo juu ya kilomita 30 kwa saa. Zikikutana zote, tarajia moto ambao hutaukabili. Na asubuhi ikiwa na moshi uliolala bondeni, usidanganyike na utulivu wake. Hewa ya juu ikifunguka, mara nyingi kabla ya adhuhuri, moshi hunyanyuka wima na moto ule ule huamka ndani ya dakika chache.

Upepo kugeuka ndiko kunakoua. Tarehe 6 Julai 1994, wazimamoto 14 walikufa katika mlima mmoja wa Colorado walipokuwa na moto chini yao na upepo mkali ukaupandisha. Tarehe 30 Juni 2013, 19 walikufa Yarnell Hill, Arizona, baada ya pepo za mvua ya radi kuugeuza moto kuelekea walikokuwa wakishuka. Wote walikuwa watu waliofunzwa. Ndiyo sababu kikosi hakianzi kazi kabla ya mambo manne kutimia: mwangalizi aliye mahali anapouona moto na watu pia, mawasiliano yaliyojaribiwa, njia za kutorokea, na eneo salama. Mzimamoto wa Marekani, Paul Gleason, aliyaweka pamoja mwaka 1991, na hakuna la kupunguza. Eneo salama si uwazi wowote. Umbali kati ya mtu na miali usipungue mara nne ya urefu wa miali hiyo, na hapo ni tambarare pasipo upepo. Kwa ule moto wetu wa mita nne na nusu, ni mita 18 kila upande wa kila mtu. Kwenye mteremko, zaidi sana. Njia ya kutorokea nayo hupimwa kwa mguu wa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Kuna jambo jingine linaloleta makelele mitandaoni siku hizi, ramani za satelaiti. Watu huona nukta nyekundu na kulalamika kwamba serikali "ilijua tangu jana." Nukta hiyo ni katikati ya mraba wa mita 375, au wa kilomita moja kwa chombo cha zamani. Moto wenyewe unaweza kuwa popote ndani yake. Satelaiti hizo hupita mara chache kwa siku, na wingu zito likifunika hazioni kitu. Ni msaada mkubwa kwa maeneo yasiyofikika, lakini aliye mnarani na darubini, dira na redio bado huuwahi moto uliowashwa katikati ya mapito mawili.

Mkitaka kumbana afisa wa moto, na abanwe, muulizeni mwezi mvua zinapokoma badala ya mwezi wa majivu. Ni kilomita ngapi za ukanda wa kuzuia moto zimekwanguliwa upya? Maana ukanda wa mwaka jana ulioota nyasi ni utambi. Ni hekta ngapi zilipangwa kuchomwa, ngapi zilichomwa, na zilizobaki zilikwamishwa na nini? Mabomba ya mgongoni yamejaribiwa kwa maji, au yamehesabiwa tu stoo? Mipira ya ndani hukauka na kupasuka yakikaa mwaka mzima bila kutumika. Mpini wa shoka uliolegea hauandikwi popote mpaka siku kichwa kinapochomoka. Watu wamepimwa nguvu? Marekani, anayekwenda mstari wa mbele hubeba kilo 20.4 kwa kilomita 4.8 ndani ya dakika 45, bila kukimbia, ukishindwa, huendi. Na wanapumzika? Huko huko, kila saa mbili za kazi hudai saa moja ya mapumziko, na baada ya siku 14 mfululizo mtu huondolewa, kwa sababu mchovu haoni upepo ukigeuka.

Muulizeni na fedha zilifika lini. Dirisha la kuchoma mapema huwa la majuma machache. Bajeti ikitoka katikati ya kiangazi, dirisha limefungwa, na kilichobaki cha kununua ni matawi mabichi na saa za helikopta.

Mwisho, lugha ya habari zenu. Mnaandika "moto umedhibitiwa" kwa mambo matatu tofauti. Kuna moto uliozungushiwa ukanda ambao kikosi kinaamini utashika. Kuna moto ambao ukanda wake umeshapozwa kiasi kwamba hautarajiwi kuvuka tena. Na kuna moto uliozimika, ambao umepapaswa wote na hauna joto. Kati ya la kwanza na la tatu zinaweza kupita wiki. Asilimia inayotajwa na msemaji haihusu miali iliyozimwa. Ni sehemu ya mzingo ambayo ina ukanda unaoaminika. Basi mkiambiwa asilimia 80, ulizeni ile 20 iliyobaki iko upande gani wa upepo, na kijiji cha karibu kiko umbali gani kutoka hapo.

Afisa wa moto wa nyika
(Jina limehifadhiwa)